Jawabu kwa Mhasibu wa Makonyo

Umeandika kwa wino mwekundu ubavuni mwa ankara yangu:
"Kisu cha ukubwa wa kidole, siku tatu? Fafanua."

Nafafanua, Bwana Rubea.

Kwanza, hii si nondo.
Nondo ukiitia moto hulegea, wala haioni haya.
Hii ni feleji: katika mia, molibdeni tano,
tangsteni sita, kromi nne, vanadi mbili,
na kaboni isiyofika hata moja kamili,
kama chumvi ya mchuzi, hakuna anayeitaja
mpaka ikosekane, wageni watazamane.

Nilikichonga kikiwa bado laini,
kwa kipimo cha mfereji wa mkanda katika puli yenu
iliyopasuka Jumamosi, mtambo ukanyamaza,
na magunia ya makonyo yakalala uani pale Wawi
yakinukia bure.

Pili, moto. Hapana, nimeruka.

Kabla ya moto kuna tinikali.
Molibdeni ina ila yake: tanurini
huiachia kaboni ya ngozi itoroke,
ukikitoa unakuta juu pumba, ndani mchele.
Nikaenda Utaani kwa Sleyyum, sonara,
akanipimia kwa mizani ya dhahabu
akidhani nataka kuunga kikuku.
Nikakipaka. Ikayeyuka, ikakishika mwili mzima
kama shira juu ya kaimati.

Sasa moto.
Nyuzi mia nane na hamsini, kikae, kiive hadi moyoni.
Kisha tanuri la pili: elfu moja, mia mbili na ishirini,
manjano iliyokwisha kuukana wekundu
na haijathubutu kuwa nyeupe.
Dakika tatu tu. Zikizidi, chembe zake hunenepa,
na kisu cha chembe nene huvunjika kwa chafya.
Shaame alishika mlango, mimi nilishika saa.
Kikaingia kwenye mafuta. Kikalia.

Hapa nina jambo la kukiri ambalo ankara haikulisema.
Cha kwanza kilivunjika. Sikukutoza.
Nilikiacha mezani, nikaenda nyumbani kula,
nikisema cha kesho ni cha kesho.
Lakini kikitoka kwenye mafuta kina ugomvi ndani,
hakina wa kugombana naye ila nafsi yake.
Saa tano usiku Kombo mlinzi alisikia *ta!*
akadhani panya kaangusha kikombe.
Asubuhi nilikuta viwili, na mpasuko wake
laini kama hariri. Nikakaa chini.

Cha pili sikukiacha.
Kikiwa vuguvugu, mkono ukiweza kukivumilia
kwa bismillahi moja, nikakirudisha:
mia tano na sitini, saa mbili. Kipoe.
Tena saa mbili. Kipoe.
Chuma kingine kwa joto hilo kingekuwa mlenda.
Hiki hurudi kigumu kuliko kilivyokwenda.
Tupa ilipita juu yake kama mguu kwenye mwani.

Katika ya tatu, umeme ukakatika Wete nzima.
Nusu saa yangu ikapotea gizani.
Ulipowaka sikuidai, nilianza ya tatu upya,
kama mtu aliyetengukwa na udhu.
Mama alileta mkate wa mofa, akauliza
namlinda nani usiku wote huo.

Jumatano nikakifunga kwenye mashine.
Maji ya sabuni yakaisha katikati ya mfereji wa pili.
Ncha ikaiva, wekundu wa basibasi.
Shaame akapiga kelele, "Zima, Mize, zima!"
Sikuzima.
Ilikuwa nyekundu, na ilikuwa inakata.

Sleyyum amekataa pesa, anataka nimkerezee rola.
Saa za kungoja sikuziandika, sijui huandikwa wapi.
Ndani ya bahasha hii kuna kapi moja la puli yenu,
la buluu, limejikunja.
Lifungue taratibu. Lina makali.

Mize Faki, Limbani, Wete